Maswali mnayoniuliza sana kuhusu masharti ya kuingia nchi ya watu ukienda kusoma kwa kubadilishana

Kila msimu wa barua za kukubaliwa ukifika simu yangu hailali. Wengine ndo kwanza wameambiwa wamechaguliwa kwenda kusoma nje muhula au mwaka mzima kwa mpango wa kubadilishana wanafunzi, wengine wameshakata tiketi alafu ndo wanakumbuka kuuliza viza. Nilikaa huko mwenyewe mwaka mzima, na tangu nirudi nimeshika fomu za wenzangu wengi tu, kwahiyo nimeamua niyaandike yote hapa mara moja. Nianze na hili: watu wanaogopa pesa na intavyuu, ila mi nilichokiona kinachoangusha wengi ni tarehe. Tarehe ya pasipoti, tarehe ya steitimenti, tarehe unayoruhusiwa kuingia, tarehe ya mwisho ya kujiandikisha ukishafika. Soma haya majibu ukiwa na kalenda pembeni.

Ni muhula mmoja tu, kwanini nisiingie na viza ya utalii nikamaliza?

Kwasababu muhula ni mrefu kuliko unavyofikiri. Chukua zile nchi za Ulaya zilizo kwenye eneo la Schengen, yaani zilizoondoa ukaguzi wa mipaka kati yao, viza ya muda mfupi inakupa siku 90 ndani ya kila siku 180, na siku uliyotua inahesabiwa, siku unayoondoka pia inahesabiwa. Sasa muhula unaoanza mwanzoni mwa Septemba na mitihani ikaisha mwishoni mwa Januari ni miezi mitano, siku kama 150 hivi. Utakuwa umepitiliza hata Krismasi haijafika. Ndomana huko unaombewa viza ya muda mrefu, ile yenye herufi D, na hiyo inatolewa na nchi yenyewe unayokwenda, sio viza ya Schengen kwa ujumla.

Marekani ndo kabisa, huwezi kusoma masomo ya kupata alama za chuo ukiwa na viza ya utalii. Wa kubadilishana wengi wanaingia kwa J-1, ndo jina la viza yao ya mipango ya kubadilishana. Uingereza wamelegeza kidogo, mgeni wa kawaida anaweza kusoma mpaka miezi 6 kwenye chuo kinachotambuliwa, na Kanada nao kozi ya miezi 6 au chini yake haihitaji kibali cha masomo. Lakini soma vizuri hapo, kutohitaji kibali cha masomo sio sawa na kutohitaji viza ya kuingilia, hivo ni vitu viwili, kama raia wa nchi yako huwa wanaomba viza basi na wewe utaiomba tu. Na ukiingia kama mgeni huna ruhusa ya kufanya kazi hata saa moja, na ukitaka kuongeza muhula wa pili unaweza kulazimika kutoka ukaombe upya.

Ile ya "niingie kwanza nitabadilisha nikifika" muachie anayekushauri aifanye mwenyewe. Nchi nyingi haziruhusu mtalii kugeuka mwanafunzi akiwa ndani.

Pasipoti yangu inaisha mwakani, inatosha?

Mwakani lini? Hilo ndo swali. Kwa safari fupi za Schengen wanataka pasipoti ibaki na uhai wa miezi mitatu baada ya siku unayotarajia kutoka, iwe imetolewa ndani ya miaka 10 iliyopita, na iwe na kurasa mbili tupu angalau. Kwa kukaa muda mrefu mi ushauri wangu ni huu, kama pasipoti haifiki miezi sita baada ya tarehe ya kurudi, badilisha kabla hujaanza chochote. Kabla. Sio katikati ya maombi, kwasababu namba ya pasipoti inabadilika na ile namba ya zamani itakuwa imeshaandikwa kwenye barua ya chuo, kwenye fomu, kwenye bima, kila mahali, na utaanza kuomba marekebisho ofisi moja baada ya nyingine.

Alafu kuna mtego ambao watu hawauoni. Kanada kwa mfano hawakupi kibali cha masomo kinachopita tarehe ya mwisho ya pasipoti. Kozi ni miezi kumi, pasipoti imebaki na miezi saba, unapewa ya miezi saba. Umeingia ndio, lakini umeingia na deni.

Jina langu kwenye pasipoti ni matatu, kwenye barua ya chuo ni mawili. Tatizo?

Ndio, na usilidharau. Niliwahi kukaa na dada mmoja tukapanga karatasi zake zote mezani: pasipoti ina majina matatu, barua ya kukubaliwa ina la kwanza na la mwisho, cheti cha kidato kina la kwanza na la kati, na benki wameandika herufi ya kwanza tu ya jina la kati na nukta. Yeye anajijua ni mtu mmoja. Mtu wa dirishani anaona watu wanne. Tulichofanya ni kuandikia chuo wabadilishe barua ifuate pasipoti herufi kwa herufi, na kwa vile cheti hakibadilishiki kirahisi akala kiapo kwa wakili kwamba majina yote ni yake. Ilichukua wiki tatu. Pasipoti ndo mama, vingine vyote viifuate.

Nimeshapata barua ya kukubaliwa, si ndo naenda nayo ubalozini?

Inategemea nchi, na hapa wengi wanachanganya barua ya pongezi na karatasi ya viza. Ile barua nzuri yenye nembo inayosema tunafurahi kukukaribisha, kwa nchi kadhaa haitoshi.

Marekani unasubiri fomu inaitwa DS-2019, inatolewa na chuo au shirika linalosimamia programu, na ukishaipata unalipa ada ya SEVIS, ule mfumo wao wa kufuatilia wanafunzi wa kigeni, dola 220 kwa J-1 nyingi, kabla ya intavyuu. Hiyo ni mbali na ada ya viza yenyewe, usije ukasema nimelipa mara mbili wameniibia. Uingereza kwa viza ya mwanafunzi unapewa CAS, uthibitisho wa chuo kwamba kimekukubali, ambayo wala sio karatasi, ni namba tu, unaijaza kwenye fomu. Japani chuo kinakuombea hukohuko cheti cha ustahiki, watu wanaita COE, na kikishatoka una miezi mitatu ya kuingia nchini, ukichelewa kimekufa unaanza upya. China unahitaji barua ya kukubaliwa pamoja na fomu ya JW201 au JW202, fomu ya kuombea viza ya masomo ambayo chuo kinakutumia, na kama unakaa zaidi ya siku 180 viza yako ni X1, chini ya hapo ni X2. Uholanzi wao ni tofauti kabisa, chuo ndo kinakuombea kibali kwa idara yao ya uhamiaji, we unatuma karatasi na kulipa, kwahiyo ukikaa kimya unasubiri ubalozi ukupigie utasubiri sana.

Barua yoyote utakayopewa iangalie kama ina vitu hivi: tarehe ya kuanza na kumaliza, jina la programu, na nani analipa ada. Hicho cha mwisho kina umuhimu sana kwenu wa kubadilishana kwasababu mara nyingi ada unaendelea kulipa chuo chako cha nyumbani na huko hulipi. Barua isiposema hivo, afisa atakuuliza ada ya mwaka iko wapi na wewe huna.

Nionyeshe pesa kiasi gani, na lazima ziwe zangu?

Kila nchi ina kiwango chake na wanapandisha mara kwa mara, kwahiyo namba yoyote ninayokupa kaihakikishe kwenye tovuti ya ubalozi. Ujerumani kwa 2025 ilikuwa euro 11,904 kwa mwaka, yaani 992 kwa mwezi, na wengi wanaiweka kwenye akaunti ya kufungia, wenyewe wanaita Sperrkonto. Unaweka zote, alafu ukifika unaachiwa kidogokidogo kila mwezi, huwezi kuzitoa zote siku moja hata ukilia. Ufaransa wanaanzia euro 615 kwa mwezi. Ukiwa na skolashipu, barua ya skolashipu inapunguza au inafuta kabisa hicho kiasi, mradi barua itaje kiasi na muda.

Sasa tarehe. Uingereza wanataka pesa ikae kwenye akaunti siku 28 mfululizo bila kushuka chini ya kiwango, hata siku moja, na siku ya mwisho ya hizo 28 isizidi siku 31 kabla ya kutuma maombi. Nawaomba mlielewe hili polepole. Mtu anakopa kwa mjomba, anaweka Jumatatu, siku ya 19 anatoa kidogo alipie picha na tafsiri, akaunti inashuka, anairudisha kesho yake na anaona yamekwisha. Hayajaisha, siku zinaanza kuhesabiwa moja. Anakuja kuniambia "kaka nilitoa kidogo tu".

Sio lazima ziwe zako, mzazi anaweza kukudhamini na nchi kadhaa zinakubali hata ndugu mwingine, ila lazima kuwe na barua yake, uthibitisho wa undugu kama cheti cha kuzaliwa, na steitimenti yake. Steitimenti inayoonyesha mshahara unaingia na kutoka kawaida inapendeza kuliko mzigo mkubwa ulioingia juzi usiojulikana umetoka wapi. Kama kweli umeingia juzi kwasababu mmeuza kitu, ambatanisha mkataba wa mauzo. Maafisa sio wabaya, wanataka tu hadithi ya pesa iwe na mwanzo.

Bima yoyote inafaa?

Hapana. Ile bima nafuu ya wasafiri yenye kima cha euro 30,000 ni ya viza fupi za Schengen, kwa muda mrefu mara nyingi inakusogeza siku za mwanzo tu. Ujerumani ukishajiandikisha chuo unaingia kwenye bima ya wanafunzi ya umma, mradi hujafika miaka 30. Japani ukikaa zaidi ya miezi mitatu bima ya afya ya taifa ni lazima, unajiunga ofisi ya manispaa. Uingereza unalipa ada ya huduma ya afya, kwa wanafunzi ni pauni 776 kwa mwaka, unailipa palepale unapotuma maombi ya viza. Australia wanataka bima yao ya wanafunzi wa kigeni ifunike siku zote za kukaa, sio mpaka siku ya mtihani wa mwisho.

J-1 ya Marekani ndo wameandika kwa namba: angalau dola 100,000 za matibabu kwa kila ugonjwa au ajali, dola 50,000 za kusafirishwa ukiwa mgonjwa, dola 25,000 za kurudisha mwili, na kile kiasi unachoanza kulipa mwenyewe kisizidi dola 500. Najua hicho cha kurudisha mwili kinatisha kukisoma, mama yangu alivyokiona alinyamaza dakika nzima. Ni sharti la sheria tu, kila mtu analo.

Chanjo na vipimo je?

Homa ya manjano kama unatoka au unapitia nchi yenye ugonjwa huo na unakokwenda wanaiuliza. Cheti kinaanza kufanya kazi siku 10 baada ya kuchomwa, kwahiyo usichome usiku wa safari. Tangu Julai 2016 cheti ni cha maisha, asikwambie mtu urudie kila miaka kumi.

Uingereza kwa raia wa nchi walizoziorodhesha wanataka kipimo cha kifua kikuu ukikaa zaidi ya miezi 6, na lazima kwenye kliniki waliyoiidhinisha wao, eksirei ya hospitali ya mtaani kwako haihesabiki. Cheti kinadumu miezi 6. Mbali na masharti ya nchi, vyuo vyenyewe vingi vinadai kadi ya chanjo ya surua na nyinginezo kabla ya kukupa chumba, hiyo itafute mapema kwasababu kadi za utotoni huwa zimepotea.

Vyeti vyangu vitafsiriwe? Na apostili ndo nini?

Kama viko kwenye lugha wasiyoisoma, ndio, na mtafsiri awe aliyeapishwa au anayekubalika na ubalozi, sio rafiki yako anayejua Kifaransa. Apostili ni muhuri mmoja unaothibitisha kwamba saini na muhuri wa kwenye cheti ni vya kweli, unatokana na mkataba wa The Hague wa 1961, na unafanya kazi kama nchi zote mbili, yako na unakokwenda, zimo kwenye mkataba na hakuna iliyoweka pingamizi. Kama moja haimo unarudi kwenye njia ndefu: wizara husika, wizara ya mambo ya nje, alafu ubalozi. Uliza kwanza ubalozi unataka kipi kitangulie, tafsiri au muhuri. Mi nilitafsiri kwanza alafu nikagonga muhuri kwenye cheti halisi, nikaambiwa muhuri wenyewe nao haujatafsiriwa. Nililipa tena.

Intavyuu wanauliza nini?

Kwanini chuo hicho, kwanini nchi hiyo, utasoma masomo gani, nani analipa, utarudi kufanya nini. Basi. We wa kubadilishana una jibu zuri kuliko wote: una chuo kinachokusubiri nyumbani na shahada hujaimaliza. Sema hivo, na uwe na barua ya chuo chako inayosema nafasi yako ipo ukirudi. Kwa Marekani hili ni kubwa, sheria yao inamchukulia kila muombaji wa viza kama hiyo kwamba anataka kuhamia mpaka aonyeshe vinginevyo. Australia nao tangu Machi 2024 wana maswali ya maandishi ya kuonyesha kwamba we ni mwanafunzi wa kweli.

Usikariri. Nilimfanyisha mazoezi kijana mmoja, nikamuuliza masomo atakayosoma, akataja kozi nne kama anasoma risala. Nikamuuliza hiyo ya tatu inahusu nini. Kimya. Fungua tovuti ya chuo usome hizo kozi zinahusu nini hasa, nusu saa inatosha.

Sijafika miaka 18, naruhusiwa?

Unaruhusiwa, programu za sekondari zipo nyingi. J-1 ya sekondari wanataka uwe na angalau miaka 15 na usiwe umepita miaka 18 na miezi sita siku programu inapoanza. Kinachoongezeka ni ridhaa ya wazazi, wote wawili kwa kawaida, iliyosainiwa mbele ya wakili, cheti cha kuzaliwa, na jina la mtu atakayekuwa mlezi huko. Kama mzazi mmoja hayupo au wametengana, andaa hati ya mahakama au cheti cha kifo mapema. Na hiyo ridhaa kopi yake iwe mkononi uwanjani, kwasababu hata wakati wa kutoka nchini kwako wanaweza kuidai.

Nianze lini, na tiketi nikate lini?

Anza siku barua inapoingia. Sitanii. Kinachokula muda sio ubalozi kusoma faili, ni kupata nafasi ya kwenda kupeleka faili, miezi ya Juni mpaka Agosti kalenda zao zinajaa vibaya kwasababu wanafunzi wa dunia nzima wanaomba kwa pamoja. Uingereza wanakuruhusu kuomba mpaka miezi 6 kabla ya kozi. Tiketi usilipie mpaka viza iwe mkononi, balozi nyingi zinaridhika na bukingi tu ambayo haijalipiwa.

Viza nimepata, uwanja wa ndege wanaweza kunirudisha?

Wanaweza. Viza inakufikisha mlangoni, anayekufungulia ni afisa uhamiaji. Mara nyingi anagonga muhuri na kukukaribisha, lakini ana haki ya kuuliza yote uliyoulizwa ubalozini.

Nikwambie yaliyonikuta. Nilikuwa na bahasha ya kahawia ina kila kitu, nimeipanga kwa vibanio vya rangi, najivunia kabisa. Usiku wa kufunga mizigo nikaona mkoba umejaa, nikaiweka kwenye begi kubwa. Begi kubwa liko tumboni mwa ndege, mimi niko kaunta, afisa ananiambia naomba barua ya chuo. Nikamwonyesha picha kwenye simu, simu ina asilimia nne. Nikapelekwa kachumba pembeni kenye viti vya plastiki, nikakaa saa moja na nusu mpaka chuo kikajibu simu. Hakunifokea mtu, ila jasho lililonitoka nalikumbuka mpaka leo. Bahasha inakaa na wewe. Barua ya chuo, uthibitisho wa pesa, bima, anwani ya unapolala, namba ya ofisi ya wanafunzi wa kigeni, na kama ni Marekani ile DS-2019 halisi. Uingereza siku hizi viza zimehamia mtandaoni, kwahiyo hakikisha akaunti yako imeunganishwa na pasipoti unayosafiria.

Japani wenyewe kwenye viwanja vikubwa kama Narita, Haneda na Kansai wanakupa kadi ya ukaazi palepale unapoingia.

Napitia nchi ya tatu kubadilisha ndege, nahitaji viza ya huko?

Inawezekana. Kuna viza ya kupita tu uwanjani kwa raia wa baadhi ya nchi, Schengen na Uingereza wote wanazo. Ukiwa tayari na viza ya D ya nchi ya Schengen unaweza kupitia nchi nyingine ya Schengen kwenda unakosomea. Angalia pia kama mzigo unaunganishwa mpaka mwisho, tiketi mbili tofauti maana yake utatoka nje kuchukua begi, na kutoka nje ni kuingia nchini.

Nimefika salama, si nimemaliza?

Ndo kwanza umefika nusu. Hapa ndo watu wanalala kwasababu wamechoka na wamefurahi. Ujerumani una wiki mbili tangu uhamie kwenye nyumba kujiandikisha anwani, na unahitaji karatasi ya mwenye nyumba inayosema kweli unaishi hapo, kwahiyo chumba cha kujiegesha kwa rafiki kinaweza kukukwamisha. Ufaransa ile viza ya muda mrefu inayosimama badala ya kibali unaithibitisha mtandaoni ndani ya miezi mitatu, usipoithibitisha ukaaji wako haujakamilika kisheria hata kama stika iko kwenye pasipoti. Hispania ukikaa zaidi ya miezi sita, una mwezi mmoja kuomba kadi ya ukaazi. Japani siku 14 tangu upate makazi uende manispaa. Korea Kusini una siku 90 kujiandikisha uhamiaji. China kama umeingia kwa X1 una siku 30 kuomba kibali cha kuishi, na kujiandikisha polisi ni ndani ya saa 24, hosteli ya chuo au hoteli huwa wanakusaidia. Marekani chuo ndo kinakuthibitisha kwenye mfumo wao, ila lazima wewe uende ofisini ukajionyeshe.

Siku ya kwanza ya kupata intaneti andika hizo tarehe kwenye simu na uweke alamu mbili.

Naweza kufanya kazi?

Nchi nyingi ndio, kwa kipimo. Ujerumani siku 140 nzima au nusu siku 280 kwa mwaka, Ufaransa saa 964 kwa mwaka, Australia saa 48 kwa wiki mbili chuo kikiwa kimefunguliwa, Japani saa 28 kwa wiki na lazima uombe ruhusa kwanza. J-1 ni mpaka aliyekupa DS-2019 akubali kwa maandishi. Kuzidisha saa ni kosa la viza, sio la mwajiri peke yake.

Likizo naweza kutembea nchi jirani alafu nikarudi?

Kabla ya kununua tiketi ya basi fungua viza uhesabu imeandikwa mara ngapi za kuingia. Viza ya D au kibali cha nchi ya Schengen kinakuruhusu kutembelea nchi nyingine za Schengen siku 90 katika 180. X1 ya China ni ya kuingia mara moja, usitoke kabla hujapata kibali cha kuishi. J-1 unahitaji saini ya safari kwenye DS-2019, na saini hiyo nayo ina muda wake. Na kuna raia ambao J-1 yao ni ya kuingia mara moja tu, ukitoka kwenda nchi ya mbali unaomba viza nyingine ndo urudi.

Nataka kuongeza muhula, nifanyeje?

Vyuo vyote viwili, cha nyumbani na cha huko, vikubali kwanza, alafu uombe kuongezewa kabla muda haujaisha, sio siku hiyohiyo. J-1 wana siku 30 baada ya programu lakini hizo ni za kufunga mizigo na kutembea, sio za kusoma. Na wa J-1 angalieni viza zenu kama zimeandikwa kuhusu ile sheria ya miaka miwili, ukiwa chini yake huwezi kupata baadhi ya viza nyingine za huko, za kazi na za ukaazi, mpaka ukae nchini kwako miaka miwili au upate msamaha.

Nimekataliwa viza, ndo mwisho?

Hapana. Soma barua ya kukataliwa kama mtu anayesoma matokeo, neno kwa neno, kwasababu wanaandika kilichokosekana. Ikiwa ni karatasi, irekebishe uombe tena, nchi nyingine zinaruhusu rufaa. Kitu kimoja usifanye: kuficha kwenye fomu inayofuata kwamba uliwahi kukataliwa. Kukataliwa kunasameheka, kudanganya kunakufungia miaka.

Naweza kuwahi kufika mwezi mmoja kabla nizoee mazingira?

J-1 huruhusiwi kuingia mapema zaidi ya siku 30 kabla ya tarehe ya kuanza iliyo kwenye DS-2019. Uingereza kozi ikiwa zaidi ya miezi 6 unaingia mpaka mwezi mmoja kabla, kozi ya miezi 6 au pungufu ni wiki moja tu. Kwingine angalia tarehe ya "kuanzia" kwenye viza yenyewe, sio ya kwenye barua ya chuo, hizo mbili hazifanani mara nyingi. Ndege inayotua saa tano na nusu usiku siku moja kabla ya hiyo tarehe imewahi mno.

Kopi ngapi nibebe?

Tatu za kila kitu, moja kwenye mkoba, moja kwenye begi, moja iachie nyumbani kwa mtu anayepokea simu usiku. Na picha za pasipoti, bebeni hata nane, kule mtaombwa picha mpaka mshangae.